Benchi Moja, Watoto wa Wote
Kijitabu kwa wazazi, walimu na wanafunzi wa Fizi na Baraka

Darasa la Fizi au Baraka linaweza kuwa na mtoto wa Kibembe, wa Kibuyu, wa Kizoba na wa Kinyamulenge. Pembeni yao anakaa Mrundi kutoka kambi ya Lusenda, iliyofunguliwa mwaka 2015, au Mulongwe, iliyofunguliwa 2017. Wengine wazazi wao walikulia kambi ya Nyarugusu, Tanzania, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, baada ya kukimbia vita vya 1996 na 1998. Kwa hiyo baba anayemwita mtoto wa jirani "mkimbizi" huenda yeye mwenyewe alikula posho ya kambi huko Kigoma. Ni vizuri akumbuke.

Sheria iko wazi. Katiba ya Kongo (DRC) ya 2006, kifungu cha 43, inasema elimu ya msingi katika shule za serikali ni ya lazima na ni ya bure. Kifungu cha 45 kinakataza kumbagua mtu shuleni kwa sababu ya asili, dini, jinsia au ulemavu. Direkta hana ruhusa ya kusema "nafasi ni za watoto wa hapa kwanza".

Jina na lugha

Heshima huanzia kwenye daftari la kuita majina. Mwalimu ajifunze kutamka jina la kila mtoto, hata kama ni la Kirundi na linamchosha ulimi. Akiita "wewe wa Lusenda", darasa zima litaita hivyo hadi mwisho wa mwaka.

Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa, nacho kinatuunganisha. Lakini mtoto aliyezoea Kirundi nyumbani atachelewa kidogo kujibu. Mwacheni amalize. Mwekeni karibu na mwenzake anayejua lugha zote mbili, amweleze swali kwa sauti ya chini. Huo si udanganyifu, ni msaada.

Ugomvi mwingi hauanzii darasani. Unaanzia kwenye bomba la maji wakati wa mapumziko. Bidoni zimepangwa, mmoja anasogeza ya mwenzake nyuma, mwingine anafoka: "Rudini kwenu!" Hapo kiongozi wa darasa asitafute kabila la nani, atafute bidoni ya nani ilifika kwanza. Shule iweke zamu kwa madarasa, na jina la mwenye zamu liandikwe ubaoni asubuhi.

Watoto wakipigana, mwalimu awasikilize wote wawili kabla habari haijafika nyumbani, kwa sababu ikifika huko itakuwa tayari ni vita vya koo. Wazee wa Kibembe wana lubunga, mahali pa wanaume kukaa na kujadili mambo. Shule inaweza kuiga subira ile ya kusikiliza, ila akina mama wawepo. Mara nyingi wao ndio wanaojua ugomvi ulianzaje.

Dini

Shule zetu nyingi zinaongozwa na makanisa, kwa mkataba uliotiwa saini na serikali mwaka 1977. Hata hivyo Baraka ina Waislamu wa tangu zamani, na watoto wao wanasoma humo. Asiyetaka kuimba wimbo wa dini nyingine asiadhibiwe. Mwezi wa Ramadhani, anayefunga asikimbizwe uwanjani jua la saa sita.

Komite ya wazazi

Hapa ndipo penye kazi kubwa. Tangu Septemba 2019 serikali ilipotangaza kuondoa ada za shule za msingi za umma, neno "mchango" linaamsha maswali haraka. Rais wa komite, karani na mtunza fedha wakiwa wa kabila moja, hata hesabu safi itashukiwa. Gawanyeni nafasi hizo. Kila mchango na matumizi yake yabandikwe ukutani kwa Kiswahili, mahali ambapo mama atokaye sokoni anaweza kusimama akasoma. Siku ya salongo, yaani kazi ya pamoja, vikundi vichanganywe. Kijiji kimoja kisipewe matofali na kingine kupumzika kivulini.

Angalieni orodha ya komite yenu leo. Kama hakuna hata mzazi mmoja wa kambini, au hakuna mwanamke, mchagueni katika mkutano wa wazazi unaofuata. Na siku hiyo mpeni nafasi ya kuzungumza kabla ya viongozi.