Changamano za Shaba: Ni Nini Hasa Kinachoua Bakteria?

Mwanafunzi anapotonesha amonia katika myeyusho wa salfati ya shaba, kwanza huona mashapo ya buluu iliyofifia. Akiendelea, mashapo huyeyuka na buluu hukoza. Rangi hiyo ni ishara kwamba molekuli za amonia zimechukua nafasi za maji yaliyoizunguka ioni ya shaba, kila moja ikiipatia jozi ya elektroni. Kitoacho jozi hiyo huitwa ligandi. Kampaundi ipatikanayo huitwa changamano. Ioni ikishikwa na ligandi za aina mbili, changamano hiyo ni ya ligandi mseto.

Utengenezaji

Mfano mmoja ni changamano ya shaba, fenantrolini na glisini. Fenantrolini huishika shaba kwa atomu mbili za nitrojeni. Glisini, kwa nitrojeni moja na oksijeni moja. Nitrati ya shaba huchanganywa na fenantrolini iliyoyeyushwa katika ethanoli, kisha huongezwa glisini pamoja na hidroksidi ya sodiamu. Uwiano wa moli ni 1:1:1. Fenantrolini ikizidi, molekuli zake mbili huweza kuishika ioni moja, na glisini ikakosa nafasi. Myeyusho ukiachwa uvukizwe polepole, fuwele za buluu hujitenga.

Upimaji

Bakteria hupandwa juu ya agari. Vipande vya karatasi ya kuchujia vyenye kipenyo cha milimita 6, vilivyolowekwa dawa, huwekwa juu yake. Baada ya saa 18 hadi 24 katika nyuzi 37 za Sentigredi, hupimwa kipenyo cha duara lisiloota kitu.

Hapa hadhari yahitajika. Shaba yenyewe hudhuru vijidudu: mwaka 1885 Pierre Millardet wa Bordeaux, Ufaransa, alitangaza kuwa salfati ya shaba na chokaa huzuia ukungu wa mizabibu. Fenantrolini peke yake pia huzuia bakteria. Kwa hiyo duara pana halithibitishi kwamba changamano ndiyo iliyoua. Sharti vipimwe kando chumvi ya shaba, kila ligandi, kiyeyushi kitupu na antibiotiki inayojulikana. Tena, molekuli kubwa husambaa polepole katika agari. Duara dogo si lazima liwe dalili ya dawa dhaifu.

Hata changamano ikishinda vyote hivyo, bado haijawa dawa. Kiuacho bakteria chaweza kuua chembe hai za mgonjwa pia.

Maswali

1. Kwa nini kiyeyushi kitupu hupimwa?
2. Duara la changamano likilingana na la fenantrolini peke yake, mtafiti aweza kusema nini, na hawezi kusema nini?