Kutoka Utafiti hadi Podikasti: Lugha ya Mwanafunzi wa Uandishi

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza kazi ya mwanafunzi wa uandishi anayekusanya data uwandani kisha akaitolea podikasti. Neno hili lina asili ya Kiingereza. Ben Hammersley alilitumia katika gazeti la The Guardian mwaka 2004. Kwa njia hii mwanafunzi huweza kuwafikia wasikilizaji bila kupitia kituo cha redio. Je, matokeo ya utafiti yahamishwapo kutoka maandishini hadi sikioni, ni kipi kinachoweza kubadilika na kipi kisichoweza? Hoja yetu ni kwamba umbo la sentensi hubadilika, lakini uzito wa dai na haki ya mhojiwa havibadiliki.

2.0 Umbo la Sentensi

Msomaji aliyepotea hurudi aya iliyotangulia. Msikilizaji huachwa na maneno. Tuchukue sentensi hii ya mfano:

(1) Wazee waliohojiwa katika vijiji ambavyo viliundwa wakati wa Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 huenda walisahau tarehe.

Virejeshi viwili vimekitenga kiima na kitenzi chake kikuu. Kwa sikio, ifuatayo inafaa zaidi:

(2) Tuliwahoji wazee. Vijiji vyao viliundwa wakati wa Operesheni Vijiji, miaka ya 1970. Huenda wazee hao walisahau tarehe.

Virejeshi vimeondoka, lakini neno "huenda" limebaki. Hapa ndipo penye hatari: anayefupisha ili apendeze hulitupa neno hilo, na dhana ikageuka kuwa hakika. Kuhusu marejeo, maandishi huyaweka katika mabano baada ya dai. Sikioni chanzo hakina budi kutangulia, ili msikilizaji ajue nani asemaye kabla ya kulipokea lisemwalo.

3.0 Sauti na Mhojiwa

Kwa upande mwingine, sauti huhifadhi yale ambayo hati huyapoteza. Neno "barabara" likiwa na mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho ni njia. Mkazo ukiwa katika silabi ya tatu kutoka mwisho, maana ni "sawasawa". Kadhalika "walakini": mkazo katika "ki" huleta maana ya kasoro, na katika "la" huleta kiunganishi. Aidha, taarifa "Amekuja" na swali "Amekuja?" hutofautishwa na kiimbo peke yake.

Hata hivyo, sauti hiyohiyo humtambulisha mwenyewe. Katika tasnifu jina la mhojiwa huweza kubadilishwa. Katika podikasti jirani yake humtambua kwa neno la kwanza. Kwa hiyo, ridhaa ya kurekodiwa kwa ajili ya uchambuzi si ridhaa ya kutangazwa. Yapasa iombwe upya, kwa lugha aielewayo mhojiwa, baada ya kusikilizishwa sehemu itakayotumika.

4.0 Hitimisho

Tunapendekeza kwamba podikasti inayowasilishwa kwa tathmini iambatane na unukuzi, orodha ya madai na vyanzo vyake, pamoja na uthibitisho wa ridhaa hiyo ya pili. Mtahini ataweza hapo kupima jambo la msingi: iwapo kilichosikika hakikuzidi kilichothibitishwa.