Mguu umebanwa na foklifti

SWALI: Mdogo wangu ni kibarua kwenye ghala karibu na bandari ya Bujumbura. Jana foklifti ilimbana mguu. Bosi kampa pesa ya dawa, kamwambia akapumzike nyumbani. Mguu unavimba. Tufanyeje? – Msomaji, Bwiza

JIBU: Dada yangu, mpeleke hospitali sasa hivi. Ngozi isipochanika watu hudhani ni salama, kumbe uvimbe wa ndani unaweza kuzuia damu na misuli ikaanza kufa ndani ya saa chache. Maumivu yakizidi, vidole vikifa ganzi au vikiwa baridi, hiyo ni dharura. Msimkande, wala msimfunge bandeji ya kubana.

Pesa ya dawa si fidia, na inaniuma kuona inatumika kumnyamazisha mtu. Ajali za kazini hushughulikiwa na INSS, taasisi ya taifa ya hifadhi ya jamii, kwa mchango anaolipa mwajiri peke yake. Chukueni cheti cha daktari, andikeni siku, saa na majina ya waliokuwepo, kisha mtakeni bosi aitangaze ajali. Akikataa, au ikiwa hakumwandikisha, nendeni kwa mkaguzi wa kazi.

Mdogo wako naye asikubali kubebeshwa lawama haraka. Foklifti hukata kona kwa magurudumu ya nyuma, kwa hiyo mkia wake hutupwa upande ghafla. Kutenga njia ya waendao kwa miguu ni wajibu wa mwenye ghala.