Autokrosi kwa Anayeanza: Macho Kwanza, Mguu Baadaye

Katika autokrosi dereva hashindani bega kwa bega na mwenzake. Anashindana na saa. Kwa kawaida magari huachiwa moja moja, na mwenye muda mfupi zaidi ndiye mshindi. Nchini Marekani, ambako klabu ya SCCA ndiyo msimamizi mkubwa, njia hupangwa kwa koni za plastiki kwenye maegesho makubwa au viwanja vya ndege. Mzunguko mmoja huchukua kama dakika moja, na kila koni unayoiangusha hukuongezea sekunde 2. Kenya, chini ya shirikisho la KMSF, mchezo huu ni wa vumbi na changarawe, katika viwanja kama Jamhuri Park jijini Nairobi. Mshiko wa ardhi unatofautiana sana kati ya lami na murami, lakini mafunzo ya awali ni yaleyale.

Mgeni akishavaa helmeti, hutaka kufanya kila kitu kwa nguvu. Atapiga breki kwa nguvu, azungushe usukani kwa nguvu, akanyage mafuta kwa nguvu, tena vyote kwa pamoja. Watazamaji watashangilia maana vumbi ni jingi. Saa haishangilii.

Tatizo liko kwenye tairi. Sehemu ya tairi inayogusa ardhi haizidi sana kiganja cha mtu mzima, na viganja hivyo vinne ndivyo vyenye kazi yote: kupunguza mwendo, kukata kona na kusukuma gari mbele. Mshiko wake una kikomo. Ukiutumia wote kwenye breki, hakuna unaobaki wa kukata kona, na hapo ndipo unapozungusha usukani hadi mwisho huku gari likiendelea kwenda mbele tu. Kwa hiyo funga breki gari likiwa bado limenyooka. Kisha iachie taratibu wakati usukani unaingia, na uongeze mafuta kadiri usukani unavyorudi katikati. Shika neno hilo “kadiri”: mguu na mikono viende pamoja, kimoja kikiongeza kingine kinapunguza.

Hesabu nayo inatisha kidogo. Ukipita kona ileile kwa kilometa 44 kwa saa badala ya 40, umeongeza mwendo kwa asilimia 10, lakini mshiko unaohitajika umeongezeka kwa asilimia 21. Ndiyo maana “kidogo tu zaidi” huishia kwenye koni. Wenye uzoefu hawalazimishi, wanaipanua kona. Kwenye lami kavu, gari la kawaida lenye tairi nzuri linaweza kupita mpindo wa nusu kipenyo cha meta 15 kwa takriban kilometa 41 kwa saa. Ukianzia nje zaidi, mpindo ukawa wa meta 20, gari hilohilo litapita kwa karibu kilometa 48, wala halilii.

Lakini njia pana huwezi kuipata kama huijui, na hapa ndipo wanaoanza wanapozembea. Kabla ya mashindano madereva huruhusiwa kutembea njia kwa miguu. Wengi huitembea wakipiga soga. Mara ya kwanza sawa, piga soga. Mara ya pili na ya tatu nenda peke yako, na kwenye kila kona chuchumaa mpaka macho yako yawe kwenye kimo cha kiti cha dereva. Ukisimama unaziona koni zote zimetawanyika vizuri. Ukichuchumaa zinafunikana, mlango uliodhani uko wazi unageuka ukuta wa rangi ya machungwa. Hivyo ndivyo utakavyouona ukiwa ndani ya gari. Itafute pia kona inayotangulia sehemu ndefu iliyonyooka. Hiyo uitoke vizuri hata kama itakubidi kuiingia polepole, kwa sababu mwendo unaotoka nao ndio utakaoubeba mpaka mwisho wa sehemu hiyo.

Ukishaondoka, kazi ni ya macho. Kwa kilometa 60 kwa saa gari hula karibu meta 17 kila sekunde, kwa hiyo koni iliyo mbele ya bampa huna tena la kuifanyia. Angalia inayofuata, na ukimudu ile ya baada yake. Kwenye kona iliyojikunja sana utajikuta unatazama kupitia dirisha la pembeni, na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Jambo hili linaonekana waziwazi kwenye safu ya koni zinazopitwa kwa kuzigzagi. Anayeanza husubiri aipite koni ndipo azungushe usukani. Koni ya pili amechelewa kidogo, ya tatu amechelewa zaidi, ya nne mkia wa gari unacheza, ya tano iko chini ya bampa. Dawa ni kugeuza mapema: wakati gurudumu la nyuma linaipita koni, pua iwe tayari inaelekea upande wa pili. Makosa ya koni ya tano huanzia kwenye ya kwanza, kwa hiyo ingia kwenye safu polepole kuliko moyo unavyotaka.

Kiti kisogeze mpaka kifundo cha mkono kifike juu ya usukani bila mgongo kuacha kiti. Gia ya pili itakutosha karibu njia nzima. Pua ikigoma kuingia kwenye kona, usizidishe usukani. Urudishe kidogo, punguza mafuta, tairi za mbele zitashika tena. Mkia ukitaka kukupita, elekeza usukani na macho kule unakotaka kwenda. Ukiona gari limekushinda na linazunguka, kanyaga klachi na breki, subiri lisimame.

Kwenye changarawe anza kufunga breki mapema zaidi, maana hata breki za ABS hushindwa kulisimamisha gari haraka pale mawe madogo yanapobingirika chini ya tairi. Ujue pia kwamba magari ya mwanzo huifagia njia. Gari la kumi linaweza kukuta mstari mgumu wenye mshiko, na meta moja pembeni yake changarawe tele. Mstari wa asubuhi si lazima ufae alasiri.

Mwombe dereva mzoefu akae pembeni yako, kama kanuni za siku hiyo zinaruhusu. Atakuona unatazama wapi, jambo ambalo wewe mwenyewe hulijui.

Kuhusu fedha, nina msimamo: bomba la moshi lenye kelele na bawa la nyuma vinaweza kusubiri mwaka mzima. Nunua tairi nzuri, pedi za breki na mafuta mapya ya breki. Siku ya mashindano, kabla gari halijakaguliwa, toa kila kilicho huru ndani yake: spea, jeki, chupa za maji, na kapeti inayoweza kuteleza chini ya pedali. Hakikisha betri imefungwa imara na nati za magurudumu zimekazwa.

Kwenye lami, paka chaki ya ubaoni pembeni mwa tairi, pale meno yanapokutana na ukuta wake. Ukirudi, kama chaki imefutika mpaka chini ukutani, tairi linajikunja na linahitaji kuongezwa upepo. Ongeza kidogo kidogo, kipimo kwa kipimo, na uandike. Siku ikiisha, kaza nati upya, acha tairi zipoe, kisha urudishe upepo kwenye kiwango kilichobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva kabla ya kuingia barabarani.