Amri ya Saba: Bei Iliyofichwa

Amri ya saba hukataza wizi. Tusidhani kwamba mwizi ni yule tu avunjaye mlango usiku. Yuko pia yule aibaye mchana kwa bei.

Katika masoko ya Lubumbashi unga wa mahindi hupimwa kwa chombo kiitwacho meka. Muuzaji akikibonyeza kitako chake, bei hubaki ile ile, lakini unga umepungua. Madukani bei nyingi huhesabiwa kwa dola, nao watu hulipa kwa faranga. Tuseme dola moja siku hiyo ni faranga 2,000, naye muuzaji aihesabu 2,200 bila kumwambia mtu. Kwa kitu cha dola 10 amechukua faranga 2,000 zaidi.

Je, kuuza ghali ni wizi? Si kila mara. Bei kubwa iliyo wazi mnunuzi aweza kuikataa; iliyofichwa hawezi. Sheria ya Kongo ya mwaka 2018 nayo yaacha bei ziwe huru, lakini yaamuru zitangazwe. Zamani nabii Amosi aliwakemea wauzaji waliopunguza kipimo na kuwaonea maskini.

Nawe mwanakijiji upelekaye makala mjini, usifiche vumbi katikati ya gunia.

Aliyedanganya afanye nini? Kutubu tu hakutoshi, sharti arudishe. Zakayo aliahidi kurudisha mara nne.

Maswali:
1. Mtu aweza kuibaje kwa bei?
2. Aliyemdanganya mnunuzi ana wajibu gani?