SOMO: Sindano za Kurudisha Ngozi na Kano – Tuulize Kabla ya Kununua



Kuna vichupa vya unga mweupe vinavyouzwa, unga wa kukorogwa kwa maji na kudungwa mwilini. Wauzaji husema ati ukichanganya aina mbili tatu, vidonda hufunga upesi, makovu hupotea na magoti huacha kuuma. Vitu hivi huitwa peptidi. Kabla ya kutoa pesa ya kikundi, hebu tujifunze.

1. Peptidi ni nini?
Protini ya maharagwe au mayai ni kama ushanga mrefu. Peptidi ni kipande kifupi cha ushanga huo. Mwili wenyewe hutengeneza nyingi. Hata insulini ya wagonjwa wa sukari ni peptidi. Basi si uchawi, lakini si kila peptidi ni dawa.

2. Zinazochanganywa
GHK-Cu hubeba madini ya shaba. Iligunduliwa katika damu ya binadamu mwaka 1973, na hutiwa katika krimu za ngozi. BPC-157 na TB-500 husifiwa kwa kano na misuli. Lakini BPC-157 imejaribiwa zaidi kwa wanyama kama panya. Kwa watu ni majaribio machache sana. Mwaka 2022 iliingizwa katika orodha ya vitu vilivyokatazwa kwa wanamichezo duniani.

3. Hatari iko wapi?
(a) Vichupa vingi vimeandikwa "kwa utafiti tu". Maana yake havikutengenezwa kwa kutibu mtu.
(b) Ukichanganya tatu na ukadhurika, daktari atajuaje ni ipi?
(c) Krimu hupakwa juu ya ngozi. Sindano huingia ndani, na uchafu wake pia.
(d) Sindano moja kwa watu wawili huweza kuleta ukimwi na ugonjwa wa ini.

4. Tufanye nini?
Kidonda kioshwe kwa maji safi na sabuni, kifunikwe kwa kitambaa safi. Aliyechomwa na msumari aende kliniki kwa ajili ya pepopunda. Aliyeungua amwagiwe maji baridi safi kwa dakika 20. Asipakwe dawa ya meno. Kidonda kisichopona wiki mbili, mgonjwa apimwe sukari. Goti linalouma kila siku lionwe na daktari.

Mwili hushona ngozi na kano kwa kolajeni, na kolajeni huhitaji protini na vitamini C. Kwa hivyo tule maharagwe, omena, mayai, mapera, machungwa na sukuma wiki isiyopikwa sana. Hivyo twaweza kuvipata shambani na sokoni.

Maswali ya kujadili
1. Mtu akituletea dawa ya sindano kikundini, tutamwuliza nini?
2. Nani kati yetu ana kidonda cha muda mrefu, na nani atamsindikiza kliniki wiki hii?
3. Tupande nini ili kila nyumba ipate vitamini C?

Mwili ni hekalu la Mungu. Tuutunze kwa akili.