Daftari na Simu katika Kazi ya Mwalimu

Mwalimu wa shule ya msingi huandika mambo mengi kwa siku kuliko watu wengi wanavyodhani. Ana azimio la kazi, andalio la kila somo, shajara, mahudhurio na alama za majaribio. Juu ya hayo kuna mambo yasiyo na kitabu chake maalumu: mzazi aliyeahidi kuja Alhamisi, mtoto asiyeona vizuri ubaoni, chaki zilizokwisha. Haya ndiyo yapoteayo kwanza. Siku hizi wanachuo wengi wana simujanja, nao huuliza kama daftari la karatasi limepitwa na wakati. Makala haya yanashikilia kwamba vyombo vyote viwili vina kazi, mradi kila jambo liwe na makao maalumu, na makao hayo yasiwe mawili.

Tuanze na daftari. Mwaka 2014 watafiti wawili wa Marekani, Pam Mueller na Daniel Oppenheimer, walichapisha majaribio waliyoyafanya kwa wanafunzi wa chuo kikuu. Walioandika kwa kompyuta mpakato waliandika maneno mengi zaidi, na mengi yalikuwa yale yale ya mhadhiri. Walioandika kwa mkono walilazimika kufupisha, nao wakajibu vizuri zaidi maswali ya kuelewa. Haifai kunyamazia kwamba majaribio yaliyorudiwa na watafiti wengine mwaka 2019 na 2021 hayakuonyesha tofauti iliyo dhahiri namna hiyo. Basi tusidai kwamba karatasi hufanya miujiza. Sababu yetu ni ya kawaida zaidi: daftari halihitaji umeme, laweza kukaa wazi mezani kipindi kizima, na mwalimu akiandika humo mbele ya watoto hakuna atakayedhani kwamba anazungumza na rafiki zake.

Lakini daftari halina sauti. Ukiandika humo kwamba kikao cha wazazi ni Ijumaa saa 8 mchana, kisha likabaki kabatini, kikao kitakupita. Kwa hiyo tarehe na saa zote ziwekwe katika kalenda ya simu, nayo ipige kengele siku moja kabla.

Ugumu hutokea pale jambo moja linapoandikwa pande zote mbili. Hebu tuchukue alama. Darasa lenye wanafunzi 60, masomo 4 na majaribio 3 kwa muhula, humpa mwalimu alama 720 za kutunza. Mathalani, daftarini mtoto ana 14 katika Hisabati, na katika lahajedwali ya simu ana 17. Ipi ni ya kweli? Karatasi ya jaribio imekwisha kurudishwa nyumbani, na huenda imekwisha kufungiwa maandazi. Mwalimu akikisia, mtoto huyo ataweza kunyimwa haki yake au kupewa isiyo yake, na mzazi akiuliza hatapata jibu la kweli. Hapana budi kuamua tangu mwanzo kwamba daftari ndilo asili na simu ni nakala. Alama ziandikwe daftarini kwa wino mara baada ya kusahihisha. Ukurasa upigwe picha siku hiyo hiyo, ili daftari likilowa mvua kazi isipotee. Na lahajedwali itumike kujumlisha na kupata wastani. Ukikosea, kata kwa mstari mmoja ili ya zamani isomeke, andika mpya na tarehe, ndipo urekebishe simuni. Usianze simuni kamwe.

Kwa mambo madogo ya kila siku, utaratibu uliotangazwa mwaka 2013 na Ryder Carroll wa Marekani, uitwao Bullet Journal, wafaa kujaribiwa. Huhitaji daftari la kawaida tu. Kurasa hutiwa namba, na za mwanzo huachwa kwa ajili ya faharasa. Kila kazi huanza na nukta. Ikifanyika, nukta hugeuzwa kuwa alama ya X. Ikihamishwa mbele, hugeuzwa kuwa mshale. Mapambo ya rangi ambayo watu wameyaongeza baadaye hayamfai mwenye madaftari 60 ya kusahihisha.

Kuna yale yasiyopaswa kuingia simuni hata kidogo. Mtoto akikueleza habari za mateso ya nyumbani, maelezo yake yasipigwe picha wala kutumwa katika kundi la walimu. Yapelekwe kwa mwalimu mkuu au mwalimu wa unasihi. Tanzania inayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Hata hivyo, mwalimu mwenye kuazimisha simu yake hahitaji sheria ili atambue hatari hiyo.

Kazi ya kufanya: Kabla ya kwenda mazoezi ya kufundisha, orodhesha kila jambo utakalolazimika kulikumbuka kwa wiki moja. Mbele ya kila moja andika D kwa daftari au S kwa simu, pamoja na sababu yako. Badilishaneni orodha na mwenzako, na ajaribu kukuonyesha jambo ulilolipa makao mawili.